Siku Arobaini na Tatu Katika Daftari la Maji

Kituo kizima tulimwita Mama Utepe, na sidhani kama mhasibu anakumbuka jina lake la kwenye barua. Mimi namwita dada. Hatukuzaliwa tumbo moja, ila siku yangu ya kwanza kazini yeye ndiye aliyenionyesha choo kilipo, kiti kisichovunjika na mtu wa kumkwepa kabla ya saa nne. Baada ya hapo ungemwita nani mtu kama huyo?

Kazi yake inaelezeka kwa dakika moja. Nyuma ya mashine za kusukuma maji kuna kibanda cha zege, na ndani yake kuna kisima kirefu chembamba ambacho hakuna anayekunywa maji yake. Kipo ili tujue maji ya chini ya ardhi yako umbali gani. Kila siku saa moja asubuhi, Jumapili na sikukuu zikiwemo, Mama Utepe alichukua utepe wa chuma wa mita thelathini, akapaka chaki kwenye mita za mwisho, akaushusha taratibu, akauvuta. Chaki iliyogusa maji inabadilika rangi. Anasoma, anatoa urefu uliolowa, anapata kina. Mita ishirini na tatu na nusu, tuseme. Kisha anakuja ofisini kwangu kuandika kwenye daftari. Daftari lina safu tano: tarehe, kina, sahihi ya mpimaji, sahihi ya shahidi, maoni. Shahidi ni mimi, karani wa kumbukumbu. Ningepaswa kusimama naye kibandani kila asubuhi, na miaka ya mwanzo nilisimama. Kusema kweli inachosha. Unaangalia mtu anavuta utepe.

Madaftari yapo ishirini na tisa, moja kwa kila mwaka. Niseme mapema, maana sipendi kuzungushana: katika madaftari hayo kuna siku arobaini na tatu zenye namba ambazo hazikutoka kisimani. Zilitoka kichwani mwangu.

Ilikuwa miaka tisa iliyopita, kiangazi kile ambacho mvua za kwanza hazikuja na za pili zikaja kututania. Mama Utepe alikuwa na mtoto mmoja, binti wa miaka ishirini, akisomea ushonaji, mcheshi, mwenye kicheko cha kusikika hadi getini. Figo zake zikaanza kusumbua. Jumamosi moja akalazwa hospitali, na mama yake akaja kwangu na ufunguo wa kibanda mkononi.

"Mdogo wangu, nipimie," akasema. "Kina tu. Usiruke siku."

"Wewe nenda kauguze, dada. Niachie mimi."

Jumapili nilikwenda. Utepe ukajizungusha, chaki ikanichafua shati, nikasoma mara tatu nikapata majibu matatu. Nikachukua la katikati: mita ishirini na nne na sentimita nane. Jumatatu nikakaa mezani, nikatazama kibanda dirishani, nikahesabu kwa macho hatua za kufika kule. Hazizidi arobaini. Nikafungua daftari nikaandika ishirini na nne na sentimita tisa. Ni kiangazi, nikajiambia, lazima yashuke kidogo. Kesho yake kumi, halafu kumi na moja. Nina mwandiko mzuri, kila mtu ananisifu, na zile namba zilipendeza.

Safu ya mpimaji niliiacha wazi asaini akirudi. Safu ya shahidi nilisaini mwenyewe.

Binti alifariki Jumatano, siku ya thelathini na moja. Nilikwenda msibani kama watu wote. Mama Utepe alikaa kwenye kiti cha plastiki uani, mikono mapajani, akiitikia pole za watu kwa sauti ileile, kama mtu anayeitikia majina ya orodha. Hakulia mbele yetu. Shangazi mmoja akanong'ona kwamba ana roho ngumu. Nilitamani kumwambia yule shangazi afunge mdomo, ila nami nilikuwa na yangu, nikafyata ulimi.

Wiki mbili baadaye, Jumanne, akarudi kazini. Nikamwekea daftari. Akapitisha kidole ukurasa wa kwanza, wa pili, akafika chini kwenye ishirini na nne na sentimita hamsini na moja. Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti changu, kwapa zimelowa.

"Maji hayashuki hivi," akasema. "Maji yanashuka, yanapanda, yanakaa. Haya yako yanashuka ngazi moja moja kama mgonjwa wa magoti."

Nikangoja anitukane. Wallahi nilitaka anitukane. Badala yake akachukua kalamu, akasaini mstari mmoja baada ya mwingine, mara arobaini na tatu. Uso wake haukuwa na kitu. Ningekuwa nimeandika bei ya viatu angesaini pia. Akafunga daftari, akachukua utepe, akaenda kibandani. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha wiki ya msiba, na kipimo chake cha siku ile kikaungana na namba zangu kwa bahati tu: ishirini na nne na sentimita hamsini na mbili.

Tangu siku ile hatukulizungumza tena. Alipima, nikasaini, na safari hii nilikwenda naye kibandani kila asubuhi. Ungedhani ningejisikia mwepesi. Sikujisikia vyovyote. Kuna aibu inayouma, na kuna ile inayokufa ganzi ukaishi nayo, ukala nayo, ukalala nayo usingizi mzuri tu.

Nimeruka jambo, na silipendi, lakini lazima nilitaje. Katikati ya kiangazi kile, Mama Utepe akiwa bado hospitali, walikuja wanawake wa mtaa wa bondeni. Kule watu hawana bomba, wana visima vifupi vya kuchota kwa ndoo, na maji yao na yetu ni yaleyale chini ya ardhi. Wakasema visima vimekauka wiki ya tatu sasa, wakauliza kama ni mashine zetu zinazowanyonya. Mkuu wa kituo wa wakati huo akaniita nilete daftari. Akaligeuza wasome.

"Maji yapo," akawaambia. "Ishirini na nne na kidogo. Yametulia kabisa. Tatizo lenu ni tope, chimbeni zaidi."

Mmoja wao, mama mnene mwenye ndoo ya njano, akaniangalia mimi. Kwa nini mimi na si mkuu, sijui. Nikatazama dirishani. Wakaondoka. Mama Utepe mwenyewe anaishi mtaa huohuo wa bondeni, na siku hizo nyumba yake ilikuwa imefungwa.

Sasa tuje mwaka huu. Tuliletewa mradi wenye jina refu kuliko mabomba yetu: kuhifadhi maarifa ya watumishi kwa ajili ya matumizi endelevu ya rasilimali za maji. Maana yake ni kwamba Mama Utepe alibakiza miezi sita astaafu, na wakubwa walikuwa wamegundua kwamba akiondoka, vitu vingi vitaondoka naye. Akatumwa mshauri, msichana wa miaka thelathini hivi, mwembamba, mwenye kompyuta na adabu zake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo, si hicho, hicho kitakuangusha."

Mshauri alikuwa na fomu ya kurasa tisa. Nilikuwepo, kazi yangu ilikuwa kuandika majibu.

"Mama, unajua mambo gani kuhusu kisima ambayo hayamo kwenye daftari?"

Mama Utepe akafikiri. "Chaki ya rangi haifai, nyeupe tu. Mvua kubwa ikija, kisima hakiambiwi siku hiyohiyo, kinaambiwa baada ya siku kumi na mbili, kumi na tatu. Mashine ya pili ikiwaka, subiri nusu saa ndipo upime. Nikivuta utepe najua kabla sijausoma, mkono unasikia uzito."

"Hilo la mkono nitaliandikaje?" mshauri akauliza, na alikuwa anauliza kweli.

"Usiliandike. Mwambie atakayekuja avute kwa miaka miwili."

Msichana akacheka. Mama Utepe hakucheka. Tangu binti yake aondoke alikuwa anasema vitu vya kuchekesha bila mwenyewe kuvisikia. Swali la mwisho kwenye fomu lilikuwa hili: je, kuna kitu kimo kwenye kumbukumbu ambacho hakistahili kuwemo? Mshauri alilisoma haraka, kama mtu aliyezoea kutojibiwa. Mama Utepe akaangalia mikono yake. Kalamu yangu ilikuwa juu ya karatasi.

"Andika tutarudi hapo," akaniambia.

Nikaandika.

Miezi miwili niliingiza namba za miaka ishirini na tisa kwenye kompyuta, mimi kwa vidole hivi. Nilipofika kiangazi kile niliziingiza zile arobaini na tatu kama zilivyo. Sitaki kujitetea, ila mtu akishakula kiapo cha uongo mara moja, mara ya pili hata hasemi bismillahi.

Kisha tukaitwa mkutanoni, Jumanne, chumba cha juu. Mkuu wa sasa, mshauri, mimi, Mama Utepe na feni mbovu. Mshauri akawasha mchoro ukutani. Mstari ukapanda na kushuka mwaka baada ya mwaka, na pale katikati, kwenye kiangazi kibaya kuliko vyote, ukanyooka.

"Hapa ndipo pa kufurahisha," akasema mshauri. "Mvua zilikosekana mara mbili, lakini kisima kilistahimili. Kilishuka sentimita arobaini na tatu tu. Kwa namba hizi chemchemi ya chini ni kubwa kuliko tulivyodhani."

Mkuu akasugua mikono. Alikuwa na barua ya kibali cha kuongeza mashine mbili, mji unakua, viwanda vinadai, na barua ilitakiwa isainiwe Ijumaa. Alichokuwa anakosa ni ushahidi kwamba maji yanatosha. Sasa alikuwa nao, na ulikuwa wa mwandiko wangu. Mashine mbili zaidi kwenye kiangazi cha namna ile, mtaa wa bondeni usingekuwa na tone.

Mama Utepe akanyoosha mkono, kama mtoto darasani.

"Hizo za hapo zifutwe," akasema. "Hazikupimwa. Mwanangu alikuwa mgonjwa, halafu akafa. Nilizitunga."

Nilisikia neno nilizitunga likipita. Nikageuka kumwangalia. Hakuniangalia.

Mshauri akasema pole, na nadhani ilimtoka moyoni. Akazifuta zote arobaini na tatu. Visanduku vikageuka vyekundu na kompyuta ikakataa kuhifadhi. Haitaki mapengo, akaeleza, ila ina njia ya kukadiria. Akabonyeza. Visanduku vikajaa vyenyewe: ishirini na nne na sentimita tisa, ishirini na nne na sentimita kumi, kumi na moja. Kompyuta ilikuwa imeunganisha nukta ya mwanzo na nukta ya mwisho kwa mstari, kama nilivyofanya mimi, bila hata kutoka mezani.

"Basi," akasema mkuu, akicheka. "Hata ukitunga, mama, unatunga kisayansi."

"Futa tena," Mama Utepe akasema.

"Lakini mama, mfumo..."

"Binti yangu, umenijia na fomu unataka ninachojua kibaki nikiondoka. Basi hiki ndicho ninachokijua kuliko vyote. Kiangazi kile hatujui kilichotokea chini kule. Ukijaza, atakayekuja miaka hamsini mbele atadhani tulijua. Atachimba juu ya neno letu. Kutojua kwetu nako kukae kwenye daftari. Ni mali ya ofisi kama namba nyingine."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa mfululizo tangu msiba, na aliyasema bila kupandisha sauti. Mshauri alikuwa ameacha kubonyeza. Akasema, polepole, kwamba mama yuko sahihi, na kwamba pengo litabaki pengo hata kama itabidi aufungue mfumo wote upya.

Hapo mkuu ndipo alipoacha kucheka. Si mjinga. Akauliza: "Safu ya shahidi ilisainiwa na nani?"

Kulikuwa na nafasi pale. Nafasi ya kutosha kabisa, feni ilizunguka hata mara nne. Watoto wangu watatu wakanipita kichwani mmoja mmoja na sare zao za shule.

"Niliiga," akasema Mama Utepe. "Sahihi yake ni nyepesi kuiga."

"Ala," akasema mkuu. "Kumbe. Basi kama sahihi ya shahidi imeigwa siku arobaini na tatu, nani anipe hakika ya hizo elfu kumi nyingine? Daftari zima halina shahidi."

Na kwa maneno hayo akaliua. Madaftari yote ishirini na tisa yakawekwa kando kama kumbukumbu zisizothibitishwa. Kibali kingetumia jaribio la siku tatu lililofanywa na wauza mashine, mwezi uliopita, baada ya mvua. Barua itasainiwa Ijumaa kama ilivyopangwa. Mshauri alibisha mpaka masikio yakamwiva, hakuna aliyemsikiliza. Mama Utepe akainuka, akasema anaomba ruhusa, akatoka.

Nifafanue, asije mtu akanielewa vibaya. Alisema ukweli ili kuokoa maji ya watu, akaongeza uongo mmoja ili kuniokoa mimi, na ule uongo mmoja ndio uliobomoa kila kitu. Angesema karani aliandika, zingeanguka siku arobaini na tatu. Kwa kunificha alipoteza miaka ishirini na tisa. Na mimi nilikaa pale nikiwa na kinywa.

Jumatano alasiri nilikwenda kwake bondeni. Alikuwa anafua, kisima chake kidogo kiko palepale ukutani, na kamba mpya kwenye ndoo. Nikakaa kwenye ngazi ya mlango.

"Kwa nini umesema uliiga?"

"Wewe una watoto." Akakamua shuka. "Mimi wataninyima nini?"

"Na daftari?"

"Daftari limekwisha."

"Dada, nilaumu basi. Sema kitu."

Akatundika shuka, akabana vibanio viwili, akavuta pembe ikae sawa. "Ningekuwa na hasira ningekupa," akasema. "Naitafuta, siipati. Tangu wakati ule naamka, napima, narudi. Hivyo tu. Nenda nyumbani mdogo wangu, mkeo atadhani umepotea."

Nikaenda. Njiani nilijaribu kulia nikashindwa, nikajiona kichekesho, mtu mzima anajikamua machozi barabarani na begi la ofisi.

Alhamisi nikapiga moyo konde. Nikamwomba mshauri aingie nami kwa mkuu, maana peke yangu ningezungumzia hali ya hewa nikatoka. Nikasema yote. Jumapili niliyopima, Jumatatu niliyokaa, hatua arobaini nilizoona mbali. Mkuu akanisikiliza huku akizungusha kalamu.

"Unamkingia kifua mwenzako," akasema. "Nitajuaje?"

Nikafungua daftari la mwaka ule. Wao walikuwa wameona namba kwenye kompyuta tu, hawakuwahi kuona ukurasa. Kina katika madaftari yote kimeandikwa na mkono wa Mama Utepe, mkubwa, unaoegemea kushoto, saba zake zina mkato katikati. Kurasa zile mbili tu ndizo zenye saba zangu, zilizonyooka, safi, za mtu mwenye muda. Mshauri akafunua mwaka mwingine, na mwingine, akalinganisha kwa kidole. Alichukua karibu saa nzima. Kisha akamwambia mkuu kwamba shahidi amesaini mwenyewe siku zote, na maji yamepimwa siku zote, isipokuwa hizi arobaini na tatu zinazojulikana mwanzo wake na mwisho wake. Daftari linasimama. Pengo linabaki. Na kwa kuwa pengo limeangukia kwenye kiangazi pekee kinachohitajika, hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesaini barua mpaka kiangazi kingine kibaya kipimwe siku kwa siku.

Mkuu aliirudisha barua kwenye faili bila kuisaini. Akaniambia mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na niishukuru ofisi kwamba haisemi zaidi. Nikashukuru.

Kazi yangu ya mwisho ikawa ya kiofisi kabisa. Mshauri alitaka kila mstari wa uongo ukatwe kwa wino mwekundu, neno haikupimwa liandikwe kwenye safu ya maoni, na mpimaji na shahidi wa wakati ule wawepo. Ijumaa hiyo asubuhi tukakaa watatu mezani kwangu, Mama Utepe upande wa pili, mikono juu ya meza, mshauri pembeni. Nikaweka rula. Nikakata Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Nilikuwa nakata vizuri, mwandiko wangu haunitoki hata hapo. Nikafika siku aliyofariki binti, nikakata. Siku ya mazishi, nikakata. Nikaweka rula kwenye mstari wa thelathini na tatu, Ijumaa, mita ishirini na nne na sentimita arobaini na moja.

"Hiyo nilipima," akasema Mama Utepe.

Nikainua kalamu. Mshauri akainua kichwa.

"Tulikuwa tumemzika jana yake," akasema. "Nyumbani kumejaa watu, siwezi kukaa, siwezi kulala. Saa kumi na mbili asubuhi nikaja huku. Sikuwa nawaza maji. Mkono ulikuwa unataka kazi yake."

"Ukapata ngapi?" mshauri akauliza.

"Nilishusha mpaka utepe ukaisha. Mita thelathini. Nikavuta, chaki kavu. Nikapaka upya, nikashusha tena. Kavu."

Nikatazama namba yangu. Karibu mita sita juu ya hapo, na zaidi, hakuna ajuaye zaidi kiasi gani. Wale wanawake wa bondeni walikuwa wanachimba tope huku nimewashikia daftari.

"Mbona hukuandika, dada?" nikasema. "Ungeandika. Siku ileile ungeandika."

"Nilikuja kuandika. Ufunguo wa ofisi si unaning'inia pale kwa watu wa mashine, pamoja na ule wa akiba wa kibanda? Nikafungua, nikawasha taa, nikafunua ukurasa." Akaweka kidole juu ya mstari, taratibu, bila ugomvi wowote. "Nikakuta umeshaandika."

Saa kumi na mbili asubuhi. Mimi siku hizo kazini nilikuwa nafika saa mbili. Hili sikumwambia mkuu, wala mshauri, wala mke wangu: kila Jumatatu niliandika namba za wiki nzima mpaka Jumapili, na sahihi, ili nisisumbuke tena, isipokuwa Jumatatu ya mwisho, nilipojua anarudi kesho yake. Hakuja kukuta kosa la jana. Alikuja na kipimo cha kweli mkononi, siku ya pili ya kumzika mwanawe, akakuta leo yake imejazwa, imesainiwa, na kesho yake, na keshokutwa.

"Nilisimama," akasema. "Nikaona hapana nafasi. Nikazima taa nikarudi msibani."

Mshauri aliuliza kama kulikuwa na mtu yeyote aliyemwona akipima. Hakukuwa na mtu. Basi haitahesabika kwenye mchoro, akasema, lakini itaandikwa kwenye maoni kama ilivyo, na akageuza uso wake ukutani kwa muda.

Nikakata namba yangu. Juu yake, kwa herufi ndogo maana nafasi ilikuwa finyu, nikaandika: mita thelathini, utepe mkavu, mara mbili. Nikamgeuzia daftari. Akasaini kwenye safu yake. Sahihi yangu ya zamani ilikuwa pembeni yake, nzuri, ya wino wa buluu. Nikaweka rula juu yake nikaikata, maana siku ile sikuwepo.